Hejira au Mingus? Albamu nne za Joni Mitchell zinazowagawa mashabiki, na wewe uanze na ipi

Kati ya Novemba 1975 na Juni 1979, Joni Mitchell, mwimbaji na mtunzi kutoka Kanada, alitoa albamu nne za studio ambazo mpaka leo mashabiki wake hawajaafikiana juu yake: The Hissing of Summer Lawns, Hejira, Don Juan's Reckless Daughter na Mingus. Wapo wanaoapa kwamba hapo ndipo alipofika kileleni. Wapo waliomwacha mkono wakati huohuo na hawakurudi tena. Na wapo wengi, pengine na wewe umo, wanaomjua kwa Blue ya 1971 au kwa nyimbo mbili tatu za redioni, wamesikia kwamba baadaye aliingia kwenye jazi, na sasa wanataka kujua waanzie wapi.

Pa kuanzia ni pazito kuliko watu wanavyodhani. Anayeanza na albamu isiyomfaa husema "basi, huyu si wangu," kumbe iliyomfaa ilikuwa ya pili yake. Nikiwasikiliza mashabiki wakibishana, naona mara nyingi kila mtu ana lake. Mmoja anafuata maneno. Mwingine anafuata besi. Wa tatu anangoja kiitikio ili aimbe pamoja na msanii, na kisipokuja anahisi ameibiwa. Kila albamu kati ya hizi inampa mmoja wao anachokitaka na kumnyima mwenzake, ndiyo maana mtu mmoja akikwambia "anza na hii" na mwingine akakwambia "hiyo usiiguse", wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Alifikaje kwenye jazi

Waliokasirika mwaka 1975 walizungumza kana kwamba Joni alilala na gitaa lake akaamka na bendi ya jazi. Safari yenyewe ilianza mkononi mwake. Alizaliwa mwaka 1943 huko Fort Macleod, Alberta, nchini Kanada, na akiwa mtoto wa miaka tisa aliugua polio iliyomwachia mkono wa kushoto dhaifu. Kodi za gitaa (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazohitaji vidole vingi zilimshinda, kwa hiyo akawa analegeza na kukaza nyuzi kwa mipangilio yake mwenyewe, hata kidole kimoja au viwili vikatosha. Mipangilio hiyo ilizaa sauti zenye utata, zinazoning'inia bila kutua, na wapigaji wa roki hawakujua wazifuateje. Mpiga ngoma mmoja aliyewahi kufanya naye kazi alimshauri atafute watu wa jazi. Akawatafuta, akawapata L.A. Express, bendi ya mpiga saksafoni Tom Scott.

Matunda ya kwanza yalikuwa Court and Spark, Januari 1974. Hiyo ilifika namba 2 kwenye chati ya albamu ya Marekani, na wimbo wake Help Me ukaingia kumi bora. Jazi ilikuwa tayari imo humo ndani, ila ilikuwa imekaa kwa adabu nyuma ya viitikio vinavyoimbika, na hakuna aliyelalamika. Ugomvi ulianza pale alipoiachia ije mbele. Ukitaka kujipima kabla ya kuingia kwenye zile nne, sikiliza Court and Spark kwanza. Ukiipenda zaidi pale bendi inapojiachia kuliko pale inapomsindikiza, umeshajua unakokwenda.

The Hissing of Summer Lawns: kwa anayependa hadithi za watu wengine

Lawama kubwa ya mashabiki wa wakati ule, na ya baadhi yao hata sasa, ni kwamba Joni aliacha kusema "mimi". Kwenye Blue alikuwa amejivua ngozi mbele ya msikilizaji. Hapa anachungulia madirishani mwa watu: mke aliyewekwa ndani ya nyumba ya kitajiri kama pambo, jambazi la mji na mwanamke wake mpya, mume aliye safarini kikazi na ndoa inayooza nyuma yake. Wanaosikiliza ili wafunguliwe moyo walijiona wamefungiwa nje. Wahakiki kadhaa nao waliusifu uandishi wake na kuuponda muziki. Hata hivyo ilifika namba 4 Marekani, na miaka kumi baadaye Prince, wakati jina lake liko juu kabisa, alisema hadharani kwamba ndiyo albamu ya mwisho aliyoipenda kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mimi niko upande wa Prince, na nikitakiwa kutoa ushahidi nitaleta wimbo mmoja tu, Harry's House. Unaanza na mume yuko New York kwa shughuli zake, mahoteli, teksi, wafanyabiashara wenye mikoba. Anaanza kumkumbuka mkewe alivyokuwa zamani, na hapohapo, bila kuaga, bendi inateleza na kuingia kwenye Centerpiece, wimbo wa mapenzi wa kijazi uliotungwa na Harry Edison na Jon Hendricks. Joni anauimba vizuri, kwa raha kabisa, bila kuukejeli. Ni ahadi zilezile za nyumba tamu na mapenzi yasiyochuja. Kisha tunarudishwa kwenye ndoa ilivyo leo, na ule wimbo mtamu ndio unaotuonyesha kilichopotea. Hapo jazi inafanya kazi ambayo maneno peke yake yasingeiweza. Anayesema Joni aliipaka jazi juujuu kama rangi hajausikiliza wimbo huu hadi mwisho.

Kuna wimbo mwingine humu unaomhusu msikilizaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja, nao ni The Jungle Line. Joni alichukua rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi iliyofanywa miaka ya 1960, akaikata na kuirudisha iwe mdundo usiokatika, akaweka juu yake sintesaiza ya Moog inayonguruma, na kuimba kuhusu mchoraji Mfaransa Henri Rousseau na kuhusu misitu aliyoichora. Mwaka ule wa 1975, kujenga wimbo mzima wa pop juu ya kipande cha rekodi ya watu wengine lilikuwa jambo geni, na wengi wanauhesabu miongoni mwa majaribio ya mapema kabisa ya mtindo ambao leo ni wa kila siku. Mashabiki wanaupenda kwa ujasiri huo, na kwa ujasiri huo nawaunga mkono. Lakini sikubali uishie hapo. Ngoma zile zilikuwa za jumba la mfalme. Zilipigwa kwenye shughuli za Mwami, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Kuzifanya sauti ya mwituni ni kuziondoa mahali pake pa heshima na kuzipeleka kwenye picha ya mtu ambaye hakuwahi kufika huko. Unaweza kuusikiliza wimbo kwa furaha na bado ukalijua hilo.

Chagua hii kwanza ikiwa unapenda mpangilio wa vyombo vingi, sauti za kuitikia zilizopangwa kwa makini, na wimbo unaosimulia kisa cha mtu mwenye jina na anwani. Iweke kando kwanza ikiwa unachotafuta ni yule Joni wa gitaa na siri zake.

Hejira: barabara ndefu na besi inayoimba

Mwanzoni mwa 1976 Joni alivuka Marekani kwa gari, na katika safari ya kutoka Maine kurudi Los Angeles alikuwa peke yake kwenye usukani. Nyimbo nyingi za Hejira alizitunga njiani. Jina la albamu ni hijra ileile tunayoijua, na alilichagua kwa sababu alitaka neno la kuondoka mahali bila kuona haya. Ilitoka Novemba 1976 na kufika namba 13, chini ya iliyotangulia. Leo ukiwauliza mashabiki wakongwe wataje albamu wanayoipenda kuliko zote, wengi watavutana kati ya hii na Blue.

Kinachowavuta ni vitu viwili, na cha kwanza ni maneno. Yule "mimi" waliyemkosa amerudi, ila amekua. Chukua Song for Sharon, wimbo wa dakika nane na zaidi, bila kiitikio. Ni kama barua kwa rafiki wa utotoni. Joni anaanza kwa kueleza alivyokwenda Staten Island kununua mandolini akaona gauni la harusi dirishani, na kutoka kwenye gauni hilo anafungua kila kitu: ndoto za harusi alizokuwa nazo msichana, rafiki aliyejiua, ushauri wa watu, uhuru aliouchagua na bei yake. Mwishoni mwenzake ana mume na shamba, yeye ana muziki, na hakuna anayetangazwa mshindi. Beti moja baada ya nyingine juu ya mdundo uleule, na hauchoki, kwa sababu kila ubeti unaleta jambo ambalo hukulitarajia.

Cha pili ni Jaco Pastorius. Joni alikuwa amechoka na wapiga besi wanaokaa chini na kugonga noti za kushikilia nyumba. Jaco alikuwa anapiga besi ya umeme iliyong'olewa freti, vile vyuma vinavyoigawa shingo ya chombo, kwa hiyo noti zake huteleza kutoka moja hadi nyingine kama koo la mtu. Amepiga kwenye nyimbo nne tu humu: Coyote, Hejira, Black Crow na Refuge of the Roads. Sikiliza Refuge of the Roads ukiwa na spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni. Joni akimaliza mstari, besi inapanda na kumjibu, halafu inanyamaza kumpisha. Wakati mwingine inamtangulia. Katika nyimbo za pop kazi hiyo hupewa gitaa au saksafoni, na kuipa besi ni uamuzi uliobadilisha masikio ya wapiga besi wengi waliokuja baadaye.

Lakini ukidhani uzuri wa albamu hii ni Jaco tu, nenda kwa Amelia, ambapo hakuna besi wala ngoma. Kuna gitaa la Joni, gitaa la Larry Carlton linalolia kwa mbali, na vibrafoni, chombo cha vipande vya chuma vinavyogongwa, ya Victor Feldman. Anaongea na Amelia Earhart, rubani aliyepotea mwaka 1937 juu ya bahari ya Pasifiki. Kila ubeti unamalizikia kwenye wazo lilelile, kwamba alichokidhania kilikuwa tahadhari ya bure. Muziki nao unafanya hivyohivyo: kila unapodhani umefika kwenye noti ya kutulia, unahama kidogo na kukuacha hewani.

Malalamiko yapo na si ya kupuuzwa. Wasioipenda Hejira husema nyimbo zake zote zina rangi moja, zinatembea kwa mwendo mmoja, na ukitoka chumbani ukarudi hutajua kama wimbo umebadilika. Kwa anayesikiliza huku akifanya mambo mengine, hilo ni kweli kabisa. Albamu hii inakunyima viitikio na kukutaka ukae nayo. Wapo pia wanaokerwa na Furry Sings the Blues, ambapo Joni anaeleza alivyomtembelea mpiga bluzi mzee Furry Lewis huko Memphis. Mzee mwenyewe hakufurahia kutajwa, na mashabiki wanagawanyika: wengine wanasema Joni alijikosoa ndani ya wimbo wenyewe kwa kukiri kwamba ni mgeni aliyekuja na gari la kifahari kutazama umaskini wa watu, wengine wanasema kukiri hakumpi mtu ruhusa. Naona pande zote mbili zina hoja, na harmonika ya Neil Young kwenye wimbo huo inaumiza vilevile.

Don Juan's Reckless Daughter: ya kuchagua vipande

Hii ni santuri mbili, Desemba 1977, na hapa sitakaa sana. Ina dakika nyingi kuliko ilivyohitaji, hata wanaoipenda wanasema hivyo. Wimbo mmoja, Paprika Plains, una dakika kama 16 na umejaza upande mzima wa santuri: piano aliyokuwa akiipiga Joni bila kuandika chochote, kisha okestra iliyopangwa na Michael Gibbs ikawekwa juu yake. Ama utauona ni mkubwa kuliko vyote alivyowahi kufanya, ama utaangalia saa. Humu ndimo alipoingia Wayne Shorter na saksafoni yake, na akabaki kwenye albamu za studio za Joni hadi mwaka 2002. Kama hutaki yote, chukua Jericho, Talk to Me na Overture/Cotton Avenue, ambamo Jaco yuko motoni.

Kuna jambo moja lisilofichika. Kwenye jalada la awali Joni alijipaka rangi na kuvaa kama mwanamume mweusi. Alilitetea kwa miaka mingi, na mashabiki wengi, weusi na weupe, hawakuukubali utetezi huo. Mimi pia siukubali. Toleo la 2024 limekuja na jalada jingine. Muziki unaweza kuusikiliza bila kulipenda jalada, na ndivyo wengi wanavyofanya.

Usianze na hii. Lakini bila hii isingekuwapo inayofuata, kwa kuwa Charles Mingus alivutiwa na ujasiri wa mwanamke aliyethubutu kutoa kitu kama Paprika Plains.

Mingus: iliyohukumiwa kwa kosa lisilo lake

Charles Mingus alikuwa mmoja wa wapiga besi na watunzi wakubwa wa jazi ya Marekani. Mwaka 1978 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kwa ugonjwa wa ALS unaoua mishipa ya fahamu, hawezi tena kushika besi. Akamtafuta Joni. Kwanza alitaka wafanye kitu juu ya mashairi ya T. S. Eliot, Joni akayasoma na kumjibu kwamba ingekuwa rahisi kwake kuifupisha Biblia. Basi Mingus akamtungia melodia sita ili yeye aweke maneno. Alifariki Mexico tarehe 5 Januari 1979, akiwa na miaka 56, kabla albamu haijakamilika. Nyimbo zote aliwahi kuzisikia isipokuwa God Must Be a Boogie Man, ambao Joni aliumaliza baadaye.

Albamu ilitoka Juni 1979. Nyimbo ni sita tu. Nne zina muziki wa Mingus na maneno ya Joni, mbili ni za Joni mwenyewe. Katikati kuna vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa nyumbani: watu wanamwimbia Mingus wimbo wa kuzaliwa, yeye anabishana kuhusu umri wake, anaeleza anavyotaka mazishi yake yawe. Vipande hivyo vinawagawa mashabiki karibu sawa na nyimbo zenyewe. Wengine wanaviruka kila mara kwa sababu vinakata mtiririko. Mimi siviruki. Bila vile, Mingus angekuwa jina juu ya jalada. Pamoja navyo ni mtu anayecheka chumbani.

Lawama ya kwanza ya mashabiki wa Joni: "melodia hazishikiki." Hapa ndipo ninapotaka kuwatetea wote wawili. Melodia hazishikiki kwa namna ya Joni kwa sababu si za Joni. Ni za mtunzi aliyewaza kwa besi na kwa mapanda (vyombo vya kupuliza), anayeruka kutoka noti ya juu hadi ya chini mahali ambapo koo la binadamu halipendi. Anayetoka Hejira moja kwa moja na kuweka Mingus anamtafuta Joni mtunzi wa melodia, na katika nyimbo nne kati ya sita hayupo. Aliyepo ni Joni mwandishi na Joni mwimbaji, na wote wawili wako kwenye kazi ngumu kuliko zote walizowahi kuifanya.

Lawama ya pili inatoka kwa watu wa jazi: mbona muziki wa Mingus umepigwa kwa vyombo vya umeme? Besi ni ya Jaco, piano ya umeme ni ya Herbie Hancock, saksafoni ni ya Wayne Shorter, ngoma ni za Peter Erskine. Hao ni watu wa kizazi kilichofuata, karibu wote wana uhusiano na Weather Report, bendi ya jazi ya vyombo vya umeme, na sauti yao inaelea na kumeremeta ilhali Mingus alikuwa mzito, wa jasho na kelele za kanisani. Joni alikuwa amejaribu kwanza na wapigaji wengine wakubwa, akina Gerry Mulligan, kisha akaamua hivi. Lawama hii naielewa. Ukitaka kumsikia Mingus mwenyewe, nenda kwenye rekodi zake. Hapa unamsikia kupitia mtu mwingine, na hilo ndilo alilokubali mwenyewe alipomwita.

Sikiliza Goodbye Pork Pie Hat. Mingus aliutunga mwaka 1959 kumwomboleza mpiga saksafoni Lester Young aliyefariki Machi mwaka huo. Ulikuwa wimbo usio na maneno. Joni aliweka maneno hadi kwenye sehemu ya solo, akasimulia maisha ya Lester na mkewe mweupe katika nchi iliyowabagua, kisha akakwama, hana pa kumalizia. Alipata mwisho mtaani New York, alipoona watoto wawili wanacheza dansi nje ya baa, na jirani yake kuna baa iliyoitwa Pork Pie Hat. Akaingiza hicho tu alichokiona. Maombolezo yakaishia kwa watoto wanaocheza, na ukimsikia anavyoutamka mstari ule, taratibu, huku Wayne Shorter akipitapita pembeni bila kumkanyaga, utaelewa kwa nini wachache wanaoipenda albamu hii wanaipenda kwa nguvu.

Kwa anayeogopa huzuni, upo The Dry Cleaner from Des Moines, kisa cha mcheza kamari mwenye bahati ya ajabu huko Las Vegas, na mapanda yaliyopangwa na Jaco yanayokimbia kama wana pesa za watu mfukoni. Na kwa anayetaka kujua alikuwa tayari kwenda mbali kiasi gani, upo The Wolf That Lives in Lindsey: gitaa lenye nyuzi zilizolegezwa hadi zinagongana, na mbwamwitu halisi wanaolia. Hapo hata mimi hushindwa siku nyingine.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa maneno, Hejira inaipita Mingus, na sidhani kuna shabiki atakayebisha kwa nguvu. Kwa uimbaji naipa Mingus. Kwenye Hejira Joni anazungumza akiimba, yuko kwenye kiwango chake, njia ameijenga mwenyewe. Kwenye Mingus anatembea njia ya mtu mwingine yenye mashimo, na anavyoyaruka ndipo unajua ana koo la aina gani. Watu humkumbuka kwa sauti nyembamba ya juu ya ujanani, wakasahau mwimbaji huyu.

Kwa besi, mashabiki wa Jaco wenyewe wamegawanyika. Wengi huchagua Hejira kwa sababu kuna nafasi na kila noti inasikika. Lakini kwenye Mingus Jaco ana jukumu zito zaidi, kwani anapiga chombo cha marehemu mbele ya muziki wa marehemu, na anapanga mapanda pia. Kama unasikiliza ili ujifunze besi, anza na Hejira, kisha rudi kwa Mingus utakapokuwa umemzoea.

Kwa muda, Mingus ni fupi, haifiki dakika 40, na Hejira inazidi 50. Ajabu ni kwamba Hejira ndiyo inayopita upesi.

Kwa kuzoeleka hazilingani kabisa. Hejira hukamata katika usikilizaji wa pili au wa tatu, hasa usiku au safarini. Mingus inaweza kukaa kando muda mrefu, mpaka siku utakayokuwa umesikia jazi ya kutosha mahali pengine, ndipo inafunguka yote kwa pamoja.

Basi uanze na ipi

Kama unatoka Blue na unachokithamini ni uandishi wake, chukua Hejira. Usisikilize wimbo mmoja mmoja. Anza Coyote, uende hadi Refuge of the Roads.

Kama unatoka kwenye pop ya vyombo vingi, au ni shabiki wa Prince unayetaka kujua alikuwa anasikiliza nini, chukua The Hissing of Summer Lawns.

Kama tayari ni mtu wa jazi na pop hukuchosha, anza na Mingus, bila kujali watu wanasema nini. Wewe ndiye msikilizaji ambaye albamu hii ilimkosa mwaka 1979. Ukitaka daraja, kuna River: The Joni Letters ya Herbie Hancock ya mwaka 2007, ambamo Tina Turner anaimba Edith and the Kingpin kutoka The Hissing of Summer Lawns na Wayne Shorter yumo tena. Ilishinda Grammy ya albamu bora ya mwaka 2008, na kabla yake ni Getz/Gilberto tu katika miaka ya 1960 iliyokuwa imewahi kuileta jazi hapo.

Na kama umesoma yote haya na bado moyo unayumba, kuna njia ya kuzionja pamoja. Septemba 1979 Joni alipanda jukwaani Santa Barbara, California, na Jaco kwenye besi, Pat Metheny kwenye gitaa, Lyle Mays kwenye kinanda, Michael Brecker kwenye saksafoni na Don Alias kwenye ngoma. Onyesho likatolewa 1980 kwa jina Shadows and Light. Nyimbo za Hejira na za Mingus zinapigwa na bendi ileile usiku uleule, Coyote na Amelia kwa upande mmoja, The Dry Cleaner from Des Moines na Goodbye Pork Pie Hat kwa upande wa pili. Angalia ni upande upi unaokufanya urudishe wimbo nyuma, kisha nenda kaichukue albamu yake ya studio.